Sungura wa Kumi na Nne

Asahikawa, Februari. Nje nyuzi ishirini chini ya sifuri,
na mimi, Kuramochi, mfagiaji wa vizimba,
nimempakata sungura asiye na jina.
Ana namba: kumi na nne, kwa wino wa zambarau, ndani ya sikio.
Si yule mjanja wa hadithi aliyemlaghai fisi.
Huyu hajamlaghai mtu. Anatafuna majani makavu,
pua ikichezacheza kama ya mtu anayetafuta neno.

Daktari Shiratori anataka kujua:
adrenalini ikiingia mwilini, jicho hupata nini?
Na ateri, ile njia laini inayotanuka na kusinyaa,
hukakamaa kiasi gani, na hulegea lini?
Swali zuri. Mama yangu alipofuka jicho la kushoto
pasipo mtu kuuliza damu yake ilikuwa ikipita wapi.

Basi tunamviringisha katika taulo, kichwa nje,
kama mtoto aliyetoka kuoga.
Mwanga wa leza unaingia mbonini, hauumi,
na nyuma ya jicho nchi nzima inafunguka kwenye skrini:
mito myekundu, vijito vya manjano,
kandokando buluu, pale damu inapokwenda kwa kunyata.
Macho hayana pazia, walisema wahenga;
hawakujua neno lao lingefika hadi huku ndani,
ambako hata mwenye jicho hajapata kuona.

Sindano iko mezani, haijaguswa.
Woga kidogo, maangavu, usio na harufu,
umeletwa na gari la kiwanda pamoja na risiti.

Ndipo theluji ya wiki nzima ikaporomoka kutoka paani.
Puu!

Hakulia. Ila taulo liligeuka jiwe mikononi mwangu,
na skrini ikasema yote aliyoyanyamazia:
wimbi la damu, lililokuwa kilima cha mgongo wa mviringo,
likachongoka;
shinikizo likapanda; ateri, mpira ule,
ikawa bomba;
mito ikafurika, ikanywea, ikafurika tena,
ikitafuta kimo chake ndani ya jicho lililokodoka.

Na mimi? Kifua changu nacho kilidunda vivyo hivyo.
Kiganja ubavuni mwake, sikujua
ni moyo upi uliokuwa ukimbishia hodi mwenziwe.

"Futa," akasema daktari. "Vipimo vimeharibika.
Kabla ya dawa tunataka utulivu."
Hakukosea. Jedwali halina safu ya paa.
Tukangoja dakika arobaini. Nikamsugua kati ya macho.
Mito ikatulia, kilima kikarudisha mgongo wake.
Kisha sindano, mshipa wa sikio, polepole,
na ajabu, au labda si ajabu,
picha ileile, au karibu ileile. Kilele, ukakamavu, mafuriko.
Isipokuwa safari hii masikio hayakusimama,
hakutazama juu. Mwili uliogopa,
mwenyewe hana habari.

Kwa mwoga huenda kicheko, husemwa.
Lakini mwoga huyu hana kwake pa kupeleka kicheko,
ana kizimba, chupa ya maji, na mimi
saa moja asubuhi na ufagio.

Daftarini niliandika alivyotaka daktari, tarakimu za sindano.
Pembezoni, kwa penseli: 14, saa nne na dakika kumi, theluji.

Septemba kuna siku ya jiwe, nyuma ya maabara.
Tunaweka karoti na maua ya krisantemo,
daktari anasoma idadi, panya kadhaa, sungura kadhaa,
anainama, sote tunainama.
Mwaka huu niliinama mara mbili.
Mara ya kwanza kwa damu aliyotuonyesha.
Ya pili kwa ile dakika tuliyoifuta,
ambayo ilikuwa yake.